Kubadili spika za kiwandani kwenye gari la 4x4: mwongozo kamili

Toa spika ya kiwandani kwenye mlango wa gari la 4x4 lililokula vumbi na mito kwa miaka kumi, uipime mkononi. Ni nyepesi. Sumaku yake ni ndogo, koni (ule uso unaosukuma hewa) ni ya karatasi, na karatasi yenyewe imelegea kama boksi lililolala nje mvuani. Ukingo wa sponji unaoishika koni umechanika au umegeuka unga. Hapo ndipo mtu anaposema "nanunua spika kali", anarudi na boksi lililoandikwa wati 300, anafunga jioni moja, na wiki mbili baadaye analalamika kwamba sauti ni ileile, ila sasa inakwaruza.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Kwenye gari la porini kazi kubwa haiko kwenye spika, iko kwenye mlango. Spika ya kawaida iliyokazwa vizuri kwenye mlango uliozibwa huishinda ya bei kali iliyoning'inizwa kwenye bati linalotetemeka. Kwa hiyo usishangae ukiona hapa chini nimezungumzia pete, skrubu na mpira wa kuzibia kuliko majina ya spika.

Gari la porini si gari la lami

Ndani ya gari dogo linalotembea kwenye lami tulivu, hata spika dhaifu inasikika. Kwenye 4x4 matairi ya meno makubwa yanaunguruma, upepo unapiga kioo cha mbele kilichosimama wima, na dizeli inakoroma chini ya miguu. Kelele hizo nyingi ziko kwenye masafa ya chini, palepale besi inapokaa. Ndiyo maana gari likisimama muziki una uzito, ukifika kilomita 80 kwa saa unabaki na sauti ya mwimbaji na matoazi. Spika haijachoka, besi imemezwa.

Kisha kuna maji. Wengi hudhani mlango ni mkavu ndani. Mvua inayopiga kioo huteremka na kupita kwenye mpira wa kioo, ikatiririka ndani ya mlango hadi kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa, ndiko inakotokea. Mgongo wa spika uko upande huo wa maji. Ukivuka mto, maji hupanda kwa kupitia matundu hayohayo. Vumbi nalo huwa na chembe za chuma. Zikivutwa na sumaku huingia kwenye mwanya mwembamba ambamo koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, hupanda na kushuka, na mkwaruzo unaosikika baada ya hapo hauna dawa. Na barabara yenye vijituta hulegeza kila skrubu ambayo haikuwekewa kizuizi.

Umbo la gari pia lina maneno yake. Jeep Wrangler milango yake hung'olewa, kwa hiyo spika zake nyingi ziko kwenye dashibodi na kwenye upau wa juu nyuma ya viti vya mbele. Jimny ni dogo, nafasi kati ya bati na kioo ni finyu, na sumaku nene inaweza kugusa kioo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina milango mipana ya bati ambayo hulia kama debe usipoitibu. Fahamu gari lako ni la aina gani kabla ya kutoa pesa.

Pima kabla ya kununua

Vipimo vinavyotajwa sana ni inchi 4, inchi 5.25, inchi 6.5, na ile ya umbo la yai ya inchi 6 kwa 9. Namba hizo ni majina tu. Spika mbili zinazoitwa "sita na nusu" zinaweza kutofautiana kwenye tundu, kwenye nafasi za skrubu na kwenye kina. Toa kava la mlango kwanza (namna ya kulitoa iko chini), kisha pima vitu vinne: upana wa tundu la bati, umbali kati ya skrubu na skrubu, kina kutoka bati hadi kioo, na nafasi iliyopo kati ya bati na kava la mlango kwa mbele.

Kina kipimwe kioo kikiwa kimeshushwa mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi huumia: wanapima kioo kikiwa juu, wanaona nafasi tele, wanafunga, na siku ya kwanza ya joto wanashusha kioo kikagonga sumaku. Acha angalau milimita 5 za usalama, kwa sababu kioo hucheza gari likitikisika. Kama huna uhakika, bandika donge la udongo laini wa kuchezea watoto nyuma ya spika ya zamani, shusha kioo polepole, kisha uitoe uone udongo umebonyezwa kiasi gani.

Ukiwa hapo hapo, chomoa soketi ya spika na upime ukinzani wake kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.8, kwa sababu multimita inapima waya wa koili tu. Ukiona namba iliyo chini ya 2, hiyo ni spika ya omu 2, na huenda gari lako lina amplifaya ya kiwandani iliyofichwa mahali. Ukifunga ya omu 4 hapo, amplifaya ile itasukuma takriban nusu ya nguvu na sauti itapungua badala ya kuongezeka. Kinyume chake ni kibaya zaidi: spika za omu 2 kwenye redio iliyotengenezewa omu 4 huichemsha redio hadi izime, au isiwake tena.

Wati za boksi na desibeli za kweli

Namba kubwa iliyo kwenye boksi ni ya kufumba na kufumbua, nguvu ambayo spika inaweza kuistahimili kwa sehemu ndogo ya sekunde. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, nguvu ya mfululizo. Redio nayo hutiwa chumvi: iliyoandikwa 50W x 4 hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Umeme wa gari ni volti 14 na ushei injini ikiwa inawaka, na kwa spika ya omu 4 hesabu haikubali zaidi ya hapo bila amplifaya.

Kwa mtu asiyetaka amplifaya, basi, namba muhimu kuliko zote ni usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 kwa mita 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 itapiga sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 80. Nimeona watu wakinunua spika nzito za mashindano zenye usikivu mdogo, wakazifunga kwenye redio ya kiwandani, na zikasinzia. Kwa redio peke yake, tafuta 90 na kwenda juu.

Aina ni mbili. Koaksia ni spika moja yenye tweeta, spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati. Unaifunga mahali pa ile ya zamani na kazi imekwisha. Komponenti ni wufa (spika ya sauti nzito) peke yake, tweeta peke yake, na kiboksi cha krosova kinachogawa masafa. Komponenti huleta sauti usawa wa uso, kwa sababu tweeta hukaa juu kwenye dashibodi au kwenye pembetatu ya kioo cha pembeni, badala ya kupiga magoti yako. Kwa gari la paa, lenye milango ya kawaida, nachagua komponenti mbele na koaksia nyuma. Kwa gari linaloshinda wazi, koaksia pande zote, kwa sababu kila tundu la ziada ni mlango mwingine wa maji.

Kuhusu malighafi sina mjadala: koni ya polipropilini na ukingo wa mpira. Karatasi ina utamu wake wa sauti, lakini si ndani ya mlango unaovuka mito. Gari lisilo na paa linahitaji spika za boti, zenye chuma kisichoshika kutu, plastiki inayostahimili jua, na alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. Kwenye IP65 tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii kabisa, na ya pili, 5, inasema inastahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Angalia tu kama alama hiyo ni ya upande wa mbele peke yake au ya spika nzima. Watengenezaji wengine hawalisemi hilo kwa sauti.

Vya kuandaa

Bisibisi za aina zote, spana za soketi, vijiti vya plastiki vya kung'olea kava, multimita, drili, koleo la kubania viunganishi, mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto yenye gundi ndani, mkanda wa mpira mzito wa butili wenye karatasi ya alumini juu, sponji isiyonyonya maji, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 au 2.5, na betri ndogo ya volti 1.5. Nunua na klipu za ziada za kava, kwa sababu mbili au tatu zitavunjika hata ukiwa na mikono ya daktari wa upasuaji.

Waya uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini uliopakwa shaba juu ni rahisi, ila hukatika kwa mtikisiko na huoza unyevu ukiingia.

Kufungua mlango

Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri, kisha subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Mifuko ya hewa ya usalama huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikichomolewa. Soketi na mikanda ya nyaya yenye rangi ya njano ndiyo yao. Usiichomoe na usiichome na ncha ya multimita. Baadhi ya magari yana kihisio cha shinikizo ndani ya mlango wa mbele, kinachogundua ajali ya ubavuni kwa kupima hewa inavyobanwa. Ukikikuta, usikihamishe, usikifunike na butili, na usitoboe matundu mapya kwenye bati la mlango huo.

Skrubu za kava hupenda kujificha: nyuma ya kifuniko kidogo kwenye mpini wa kufungulia, ndani ya kikombe cha kuvutia mlango, nyuma ya pembetatu ya kioo cha pembeni. Zikishatoka zote, anza kung'oa klipu kutokea chini kwa kijiti cha plastiki, karibu kabisa na klipu yenyewe. Kava likiachia chini na pembeni, liinue kwenda juu litoke kwenye mdomo wa kioo. Usilivute kwa nguvu. Nyuma yake kuna soketi za swichi za vioo na kebo ya kufuli, na kebo ikikunjika mlango hautafunguka kutokea ndani. Piga picha kila hatua. Baada ya saa tatu hutakumbuka skrubu fupi ilitoka wapi.

Nyuma ya kava utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Usiitupe! Hiyo ndiyo inayoyazuia maji yaliyo ndani ya mlango yasiloweshe kava, zulia na viti. Ibandue taratibu kwa kukata gundi na waya mwembamba au kisu, uiache ikining'inia. Nilipofanya kazi hii mara ya kwanza niliichana na kuitupa nikidhani ni takataka ya kiwandani, na msimu wa mvua uliofuata zulia lilinuka hadi likang'olewa.

Spika yenyewe imefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Ribiti zichongwe kichwa kwa drili, taratibu, na chini yake uweke kitambaa chenye sumaku kinachodaka vumbi la chuma. Ukimaliza, vuta mabaki kwa mashine ya kunyonya vumbi, kisha paka rangi kila ukingo wa bati ulioachwa uchi. Kutu haisubiri.

Kuutibu mlango

Gonga bati la nje kwa vidole. Likilia kama debe, litalia hivyohivyo besi ikipiga. Safisha ndani ya bati hilo kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, bandika vipande vya butili, na uvikandamize kwa rola mpaka alama za karatasi ya juu zilale. Huna haja ya kufunika kila mahali. Robo ya eneo, ikiwekwa katikati ya sehemu pana zinazotetemeka, inatosha kuua mlio. Zaidi ya hapo unaongeza uzito tu, na bawaba za milango ya 4x4 zina mzigo wa kutosha tayari. Kipande kimoja kikae mkabala na mgongo wa spika.

Acha wazi matundu ya chini ya kutolea maji. Ukiyaziba kwa butili mlango unageuka ndoo.

Sasa bati la ndani, lile lenye matundu makubwa ya mafundi. Koni ikisukuma hewa kwenda mbele, nyuma yake hewa inavutwa. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu hayo, besi inajifuta yenyewe. Ziba matundu makubwa kwa karatasi ngumu ya plastiki iliyogandishwa kwa butili, ukikumbuka kwamba siku moja utahitaji kufika kwenye mota ya kioo. Hatua hii pekee, hata kwa spika za kiwandani, huleta tofauti ambayo watu hudhani umefunga sabwufa, spika kubwa ya besi peke yake.

Pete ya spika

Spika mpya nadra sana ikae moja kwa moja kwenye tundu la zamani. Inahitaji pete ya kuibadilishia ukubwa na kuisogeza mbali na kioo. Mafundi wengi hukata pete za MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa kuwa ni rahisi kukata. Kwa gari la lami sawa. Kwenye 4x4 MDF hunywa maji, huvimba, skrubu zinalegea, na pete inabaki kama mkate uliolowa. Zangu ziliishi msimu mmoja. Tumia plastiki nzito isiyonyonya maji. Ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia vitu jikoni ni malighafi safi kabisa, unakatwa kwa msumeno wa kawaida na unadumu kuliko gari. Unene wa milimita 12 hadi 20 hutosha, kulingana na kina ulichopima.

Pete ifungwe kwenye bati kwa boliti na nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea, au kwa klipu za bati zenye uzi zinazovalishwa ukingoni. Skrubu za kujichimbia kwenye plastiki ya zamani hushika siku ya kwanza tu. Kati ya pete na bati weka sponji nyembamba isiyonyonya maji, na kati ya spika na pete weka nyingine. Kisha bandika pete ya sponji nene zaidi kuzunguka uso wa spika, ili kava likirudi liibane na sauti yote itoke kwenye matundu ya grili badala ya kupotea nyuma ya kava.

Juu ya sumaku weka kofia ya mvua: kipande cha plastiki kilichokatwa nusu duara, kikiwa na mteremko wa kumwaga maji pembeni. Kuna vikombe vya sponji vinavyouzwa kwa kazi hii, vinavyofunika mgongo wote wa spika. Vinazuia maji, lakini vikiachwa vizima vinabana hewa na kunyonga besi, tena hukusanya maji chini. Kata nusu ya chini, uache paa tu.

Nyaya

Usikate soketi ya kiwandani kama kuna kiunganishi cha kuibadili kwa gari lako. Kinagharimu kidogo na kinakuachia njia ya kurudi nyuma. Kama hakuna, unganisha kwa kubana na koleo halisi, kisha vuta mrija wenye gundi juu yake na uupashe moto. Lehemu inafaa kwenye meza, ila ndani ya mlango unaopigwa kwa nguvu kila siku waya hukatika pale lehemu inapoishia, kwa sababu sehemu hiyo huwa ngumu.

Nyaya za redio za kubadilisha hufuata rangi zinazojulikana: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na katika kila jozi ule wenye mstari mweusi ni hasi. Nyaya za kiwandani hazifuati utaratibu huo, kila mtengenezaji ana rangi zake. Kujua chanya ni upi kwenye spika isiyo na alama, iguse kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Usifanye hivi kwenye tweeta.

Tweeta iwe na kapasita, kifaa kidogo kinachozuia besi isiifikie, kila wakati. Ya mikrofaradi 4.7 kwenye omu 4 hukata masafa yaliyo chini ya kama hezi 8,500. Bila hiyo, besi ya kwanza inaichoma. Baadhi ya magari tweeta ya dashibodi imeunganishwa sambamba na spika ya mlango kwa kapasita tu, kwa hiyo ukichomoa moja chunguza nyingine kama bado inalia.

Fungia nyaya mbali na njia ya kioo na mkono wa mota, kwa vifungo vya plastiki. Kabla ya kurudisha kava rudisha soketi zote ulizochomoa, unganisha betri, washa redio kwa sauti ndogo, shusha na pandisha kioo mara kadhaa. Ndipo urudishe nailoni, uibane kwa butili mpya pale gundi ya zamani ilipokauka, na uhakikishe ukingo wake wa chini umeingia ndani ya mlango ili maji yarudi kwenye matundu. Kava linakwenda mwisho.

Upau wa juu na dashibodi

Kwa magari ya aina ya Wrangler kazi ni nyepesi, hakuna kioo wala nailoni. Tatizo ni kwamba spika ya juu inapiga sikio kwa nyuma, na ikiwa kali kuliko za mbele muziki unaonekana kutoka kwenye boneti ya gari linalokufuata. Weka spika nzuri zaidi mbele, na punguza za nyuma kwa kitufe cha kusogeza sauti mbele na nyuma. Ndani ya upau huwa ni plastiki tupu inayozomea. Ijaze sponji isiyonyonya maji, ukiacha nafasi kwa sumaku.

Ukitaka amplifaya

Kama unasafiri na vioo wazi, wati 15 hazitoshi. Amplifaya ndogo ya daraja D yenye wati 50 kwa njia nne ni saizi nzuri. Hesabu yake: wati 200 ukigawa kwa ufanisi wa asilimia 80 unapata 250, ukigawa kwa volti 13.8 unapata kama ampea 18. Waya wa milimita mraba 8 kutoka betrini unatosha, na fyuzi ya ampea 30 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda waya, si amplifaya. Waya usio na fyuzi ukichubuliwa na bati kwenye njia mbovu ni moto.

Usiiweke chini ya kiti, hata kama kila mtu anaiweka hapo. Ndipo maji yanapofika kwanza. Itafutie mahali juu, nyuma ya dashibodi au ubavuni nyuma ya kiti cha nyuma. Waya hasi ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi likang'aa, mfupi iwezekanavyo, kisha pakwe grisi. Waya wa sauti upite ubavu mmoja wa gari, waya wa umeme ubavu mwingine.

Kitufe cha geini si cha kuongeza sauti, kinalinganisha amplifaya na redio. Chomoa spika, weka vidhibiti vya besi na trebo katikati, cheza mlio wa hezi 1,000 uliorekodiwa kwenye desibeli 0, pandisha redio hadi robo tatu, na upime volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya. Kwa wati 50 kwenye omu 4 unatafuta kipeo cha pili cha 200, yaani volti 14.1. Zungusha geini hadi hapo, uache. Kisha weka kichujio cha masafa ya juu, kinachozuia yaliyo chini, kwenye hezi 80 kwa spika za milangoni. Zitapiga kwa nguvu zaidi kwa sababu hazihangaiki na besi ambayo haziiwezi. Besi ya chini iachie sabwufa ndogo iliyofungiwa ndani ya boksi lake.

Usiye na amplifaya nawe unaweza kufanya hivyo: redio nyingi za kubadilisha zina kichujio hicho kwenye menyu, na kama haina, kapasita ya mikrofaradi 400 isiyo na upande wa chanya na hasi kwenye kila waya chanya wa spika ya omu 4 hukata masafa yaliyo chini ya kama hezi 100.

Sauti ikikosea

Besi ikiwa nyembamba pande zote mbili zikipiga, lakini nzito upande mmoja ukipiga peke yake, spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Badilisha nyaya zake, basi. Mlio mwembamba unaopanda injini ikipandishwa unatoka kwenye waya hasi wa amplifaya, au kwenye waya wa sauti uliolala na wa umeme. Sauti inayokatika kwenye mashimo ni kiunganishi kilicholegea, na mara nyingi kiko ndani ya ule mrija wa raba kati ya mlango na bodi, ambako nyaya hukunjwa kila mlango ukifunguliwa. Mzizimo unaosikika kwenye noti moja tu ni klipu ya kava au skrubu iliyosahaulika chini ya mlango. Cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 200, huku ukibonyeza kava kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine hadi mzizimo unyamaze.

Baada ya safari ya kwanza ndefu ya njia mbovu, toa grili na ujaribu kila boliti ya spika kwa mkono. Zilizolegea zikazwe kwa tone la gundi ya nyuzi. Halafu mwaga ndoo ya maji kwenye kioo kilichofungwa, fungua mlango, na uangalie chini: maji yatoke kwenye matundu, na ukingo wa kava uwe mkavu.